Uwanja Nilioufagia

Ilikuwa Alhamisi, mwanangu, naikumbuka kama jana, siku niliyowafagilia watoto uwanja wao mpaka wakaukimbia.

Nilikuwa na mtoto mmoja tu wakati ule, Mwanaidi, wa miaka mitano. Nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo palikuwa na kichaka, shimo la mchanga na gogo la mnazi lililoanza kuoza. Watoto wa mtaa walikuwa wakishinda humo, wanapika mchanga kwenye vifuu vya nazi. Mimi nikaona aibu. Kesho Ijumaa, watu watapita kwenda msikitini, watoto wetu wako takatakani? Nikafyeka kichaka, nikafukia shimo, gogo nikaliburuta mbali. Vifuu nikavitia motoni nikapikia wali. Nikafagia mpaka mchanga ukawa mweupe, nikawaita, "Haya, chezeni."

Wakautazama, wakaondoka mmoja mmoja.

Kesho yake hakuja hata mmoja. Siku ya tatu mimi na mama mkwe tukawakuta kwenye mikoko, maji yanajaa. Mwanaidi yamemfika kifuani, kifuu kingine cha mchanga kakiinua juu kisilowe.

Nilimbeba mpaka nchi kavu. Sikuelewa kitu. Nimewapa mahali pasafi, wao wanafuata matope?

"Uliwauliza?" mama mkwe akasema.

"Mama, watoto hawa niwaulize nini? Hata kujifunga nguo hawajui."

"Na wewe kucheza unajua?"

Nilipomaliza kuswali alasiri nikachuchumaa mbele ya Mwanaidi, nikamuuliza uwanja anautakaje.

"Turudishie jiko letu."

Jiko ndilo lile shimo nililolifukia. Basi nikachimba, wao wananielekeza. Gogo wakataka likae katikati ya njia ninayopita na debe la maji. Nikauliza, kwa nini pale?

"Si ndipo pale," akanijibu mmoja, anashangaa kwamba sijui.

Nikaliweka. Mpaka leo, mwanangu, pamoja na kisomo changu cha jioni cha watu wazima, sijajua gogo lile lilikuwa nini. Lakini nililizunguka miaka yote, debe kichwani, na mikokoni hawakurudi.

Kwa hiyo ukitaka kumtengenezea mtoto pa kucheza, weka ufagio chini kwanza, umuulize. Akikujibu usichokielewa, mfuate hivyo hivyo, maadamu hakuna cha kumdhuru. Mungu akukuzie wanao, akupe subira ya kuwasikiliza, na kila magharibi wakurudie mlangoni wamechafuka, wazima. Amin.