Dohani Isiyotoa Moshi

Kabla ya kunywa chai, Ambika alitoka barazani, akakinga macho kwa kiganja na kutazama dohani ya kiwanda cha sukari ng'ambo ya bonde. Ikitoa moshi, kiwanda kinasaga na siku inaweza kuanza. Isipotoa, huna haja ya kukimbilia popote. Bonde zima la Waidamu tunafanya hivyo kila asubuhi, na wageni hudhani tunaiabudu.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na ekari zake kumi za miwa zilikuwa za kukodi kutoka kwa ukoo wa kijiji cha pili. Kwa miaka thelathini, mumewe akiwepo na hata baada ya kufa, miwa yake haikuwahi kutiwa moto. Hapa Fiji hilo si jambo dogo. Wakataji ni wachache, wanazunguka shamba kwa shamba kwa zamu, na sheria ya kundi letu la wakulima ni kwamba miwa iliyoungua hukatwa kwanza, kwa sababu isiposagwa ndani ya siku chache inachacha. Basi mwenye haraka huwasha kiberiti, kisha huja mkutanoni kushangaa eti nani kamfanyia unyama huo. Adhabu anaipata, lakini zamu kairuka. Ambika aliwacheka machoni pao. Yeye aliacha majani makavu yafunike udongo, na machipukizi yake ya mwaka uliofuata yalinona kuliko ya mtu yeyote.

Mwaka huo zamu yake ilikuwa ya mwisho. Novemba ilikuwa imeingia, msimu unakaribia kufungwa, na watu watatu walikuwa wamekwishampita kwa moto. Miwa ambayo haijakatwa ingebaki shambani hadi mwaka mwingine, na mkataba wa ardhi ulikuwa unaisha Desemba. Kabla ya kuuongeza, wenye ardhi walitaka kuona kama mjane anaweza kulima peke yake.

Bisun, nyapara wa kundi, alisimama langoni akiegemea nguzo.

"Shemeji, una kichwa kigumu wewe! Njiti moja tu ya kiberiti, kesho niko hapa na watu wangu."

"Uje na watu wako bila njiti. Zamu yangu unaijua."

"Naijua. Lakini ikiungua ya mwingine nitafanyaje?"

"Utafanya kazi tuliyokuchagulia, Bisun."

Alicheka akaondoka, na Ambika akaingia ndani na hasira zake.

Jioni hiyo Shalini, bintiye anayefundisha shule mjini Suva, alifika kwa sikukuu ya Diwali. Wiki moja nyuma alikuwa ameweka mtandaoni picha ya shamba linalowaka, na chini yake ameandika kwamba wakulima wanawalisha watu wa mjini masizi kwa uvivu wao wa kukata. Mke wa Bisun alihakikisha Ambika anasomewa yote, pamoja na maoni ya wale mia mbili waliosema kweli kabisa.

"Sikukusema wewe, Mama," Shalini alijitetea. "Wewe huchomi."

"Uliowasema ndio waliombeba baba yako siku ya mazishi. Wavivu walimbeba, eti? Kesho vaa viatu vya kazi."

Kesho yake akampa panga. Safu mbili tu. Majani ya miwa mibichi yalimchanja mikono mpaka viwiko, nyigu wakamuuma shingoni, na kufikia saa nne alikuwa amekaa chini akilia kimya kimya. Miwa iliyoungua haina majani wala nyigu. Mtu mmoja huikata karibu maradufu, na wakataji wetu wengi wana umri wa kuitwa babu.

"Nimeelewa sasa kwa nini wanachoma," alisema.

"Umeelewa nusu," Ambika alimjibu. Angemweleza na nusu ya pili, lakini jirani alimwita, akaenda. Jambo hilo lilimtafuna baadaye kuliko yote.

Siku mbili baadaye, asubuhi, dohani haikutoa moshi. Mtambo ulikuwa umepasuka, habari zikaja kwamba matengenezo yatachukua wiki nzima. Mchana kundi likakutana, na Ambika akasimama mbele ya wanaume kumi na sita akawataja mmoja mmoja waliompita. Hakuna aliyemtazama usoni. Mwishowe Bisun akainua mikono.

"Basi, shemeji, umetuvua nguo! Kiwanda kikianza tu, kwako kwanza. Wote wamesikia."

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Miwa mibichi huvumilia wiki moja bila shida, acha mtambo utengenezwe taratibu. Alipopanda kilima ndipo alipoona moshi ukipanda kutoka shambani kwake.

Shalini alikuwa ukingoni mwa shamba, uso mweusi kwa masizi, mkononi ameshika kiberiti cha taa za Diwali. Alikuwa anatabasamu.

"Mama! Sasa watakata kwako kwanza!"

Ambika hakumpiga, hakupiga kelele. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea ng'ambo ya bonde.

"Dohani inatoa moshi?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Sijui, Mama. Sikuangalia."

Majirani walikuja mbio na matawi mabichi, wakauzima moto baada ya ekari saba kuteketea. Siku ya nne shamba lilianza kunuka kama uji uliochacha. Siku ya sita Ambika alivunja muwa mmoja, akauonja, akautema; kiwanda kisingeipokea tena miwa ile.

Mkutano wa kundi ulifanyika Jumapili, na safari hii alikuwapo Tevita, msemaji wa wenye ardhi, ameketi mbele kwenye mkeka. Bisun akauliza, kama anavyouliza kila mara, nani amechoma. Watu wakajiandaa kusikia uongo wa kawaida. Shalini, aliyekuwa nyuma na wanawake, alianza kuinuka. Mwalimu wa serikali akitajwa kwenye kesi ya moto, kazi hana tena.

"Mimi," Ambika alisema.

Bisun alidhani ni utani. "Wewe, shemeji?"

"Mimi. Nilichoka kungoja."

Mtu nyuma akasema, "Karibu chamani, shemeji!" na kicheko kikazunguka nyumba nzima, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Miaka thelathini walikuwa wakiaibika mbele yake. Tevita hakucheka. Alimtazama Ambika muda mrefu, akasema habari ya mkataba wataizungumza msimu ukiisha, akaondoka bila kunywa chai.

Njiani Shalini alifungua kinywa mara tatu.

"Usiseme neno," Ambika alimwambia. "Nimeshasema mimi."

Asubuhi alipoamka alimkuta bintiye barazani, amekinga macho kwa mkono wenye makovu mabichi, anatazama ng'ambo ya bonde. Dohani ilikuwa inatoa moshi mzito, mweupe.

"Kinasaga, Mama," Shalini alisema, na machozi yakamtoka.

Ambika alisimama kando yake akaangalia, kwa mazoea tu.