Ukurasa wa Wasioona Usiosomeka

Saa nne asubuhi, Bi Rangi anafuta kitufe chekundu alichokichora jana na kuchora kingine, chekundu zaidi. Hili ni toleo la kumi na tisa. Nyuma ya kiti chake amesimama meneja wa mauzo, kikombe mkononi, kidole kimegusa kioo cha kompyuta.

"Kiongeze ukubwa kidogo," anasema. "Mtu akikiona anunue kabla hajafikiri."

Bi Rangi anafuta alama ya kidole kwa kitambaa, kisha anakiongeza. Jina hilo alipachikwa na wenzake kwa jinsi anavyogombania rangi. Ana miaka thelathini na sita, na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti hiki, akitengeneza kurasa za mauzo za mtandaoni. Analipwa kwa ukurasa, si kwa toleo. Matoleo kumi na manane yaliyotangulia ni sadaka yake.

Na sadaka ndiyo kazi yenyewe. Kampuni inauza programu kumi na mbili za kompyuta kwa bei ya moja, na nusu ya mapato itakwenda kwenye shule ya watoto wasioona. Mauzo yanafunguliwa saa nane mchana.

Balaa ni kwamba meneja anataka maneno yote, kuanzia jina la shule mpaka bei, yachorwe ndani ya picha kwa herufi za dhahabu. Zinapendeza, hakuna ubishi. Lakini simu ya asiyeona humsomea maneno yaliyoandikwa, yaliyochorwa huyaruka. Bi Rangi ameshalieleza hilo mara tano. Ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Wasioona ndio wanaosaidiwa," meneja alimjibu. "Siyo wanaonunua."

Kauli hiyo ilimkera mno. Mjomba wake, fundi redio aliyemlea, alipoteza macho miaka kumi na mmoja iliyopita, na hakuna wiki inayopita bila kununua kitu mtandaoni. Simu yake huongea kwa kasi ambayo mwingine haambulii neno.

Saa sita Bi Rangi anampigia na kuweka spika. Makusudi, meneja asikie.

"Shikamoo mjomba. Nimekutumia ukurasa, hebu nunua."

"Marahaba, mama."

Simu ya mjomba inabwata: "Picha. Picha. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" anauliza mjomba.

"Cha kununua."

"Kununua nini? Bei gani?"

"Imo kwenye picha, mjomba."

"Yaani mwanangu wa kumlea unaniuzia mbuzi kwenye gunia?"

Meneja anakohoa. "Nani huyo?"

"Mnunuzi," anajibu Bi Rangi.

Kikombe kinawekwa mezani. "Kuyatoa hayo maneno kwenye picha ni muda gani?"

"Saa moja."

"Na kitufe?"

"Kitabaki kikubwa, bosi."

Saa nane na dakika sita simu inaita. Mjomba ameshanunua, ila ana lawama: "Bei mmeitaja mara nne. Mnadhani sisi ni viziwi pia?"

Bi Rangi anacheka mpaka anafuta machozi, kwa mara ya kwanza wiki hii. Kesho, anasema, ataiomba kampuni imwajiri mjomba awe anasikiliza kila ukurasa kabla haujafunguliwa.

"Tena wamlipe vizuri," anasema. "Kwa toleo, si kwa ukurasa kama mimi."