Saa za Simu Juu ya Dungu

Mpunga unaotia maziwa una harufu yake, tamu kidogo, kama uji uliopoa. Mwaka niliotimiza miaka kumi na moja niliivuta harufu hiyo likizo nzima, nikiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga shambani ili kuamia ndege. Mafuriko yalikuwa yamechukua shamba letu la chini, kwa hiyo chakula chetu cha mwaka kilikuwa katika hilo moja lililobaki. Baba alikuwa huko Maparoni, pwani, akivua kamba. Mama alikwenda kupalilia mihogo, akaniachia kopo la kugonga, kombeo, na simu yetu ya kwanza, ya vitufe, ili baba akipiga nipokee.

Baba hakupiga. Mimi nikagundua kwamba ndani ya simu mna mchezo wa nyoka anayekula vinukta na kurefuka. Asubuhi moja nyoka wangu alirefuka kuliko siku zote, nami nikajiona bingwa. Nilipoinua macho, kweleakwelea walikuwa wameshatua upande mmoja wa shamba, tele kama wingu jeusi. Niligonga kopo hadi mkono ukafa ganzi. Waliruka, lakini walikuwa wameshashiba, na masuke ya upande ule yalibaki makapi.

Mama aliporudi alipita katikati ya mpunga akibinya masuke kwa vidole. Mimi nilingoja fimbo.

"Mwanangu, kosa hili letu sote wawili," alisema. "Nimekupa simu, sikukwambia saa zake. Haya, wewe ndiye unayeshinda na ndege hawa. Wanakuja saa ngapi?"

Nikamwambia wanakuja jua likichomoza mpaka liwe kali, kisha alasiri mpaka machweo. Katikati hapo wanajificha vichakani.

"Basi cheza wakiwa vichakani. Wakitoka, simu unaizima, baba yako atapiga baadaye."

Kisha akanirudishia simu mkononi. Wazazi niliowajua wakati ule wangeifungia sandukuni, na huenda hata mimi ningefanya hivyo. Kuaminiwa kule kulinibana kuliko fimbo yoyote. Kila asubuhi na alasiri nilizima simu, hata nyoka awe mrefu vipi, nikaiviringisha ndani ya kanga na kusimama na kombeo langu. Ndege hawakupata tena hata kona moja. Siku ya kuvuna, mama aliwaambia majirani nami nikisikia, "Shamba hili kaliamia huyu." Sijapata kupewa cheo kinachoshinda hicho.

Leo naishi Kibiti mjini. Wanangu hawana ndege wa kuamia, wana katuni za kwenye simu, na hizo hazina mwisho, tofauti na nyoka wangu, aliyekufa kila alipojigonga. Nilipochoka kunyang'anya na kugombana, niliketi nao nikawauliza ni saa zipi nyumba hii inawahitaji. Wakataja wenyewe: madrasa, kazi za shule, chakula, usingizi. Saa hizo simu zote zinazimwa. Siku za mwanzo walilia, sitadanganya.

Juzi tulikuwa mkekani tukila wali, nami nikawa nasoma ujumbe wa kazini. Binti yangu Saada, mwenye miaka minane, akaninyooshea mkono.

"Mama, tunakula."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu mzima na hii ni kazi. Nikampa simu. Aliizima, akaiweka nyuma yake, akanisogezea bakuli la mchuzi, nami nikala kwa furaha.