Zawadi za Mpiga Dramu

Itangazwe Japani nzima: mpiga dramu wa bendi hii ana mtu! Kila gari lao linaposimama kwenye vituo vya barabara kuu, wenzake hukimbilia tambi za moto. Yeye, kwa mikono yake yenye sugu, huchagua boksi la keki za mji ule, zawadi ya waliobaki nyumbani, akaomba lifungwe vizuri, kisha akalipakata njia nzima. "Shemeji atanenepa!" dereva humtania. Chinatsu, mpiga gitaa, hakucheka. Mpiga dramu wao aliyetangulia alioa akawaacha. Walipokaribia mji wa Sendai uvumilivu ukamwisha.

"We kaka, sema ukweli. Nani anayasubiri maboksi yote haya?"

"Hakuna. Nikifika nyumbani najipa mwenyewe."