Mwavita haamini betri ambayo haijabeba mzigo

Saa mbili asubuhi, Mwavita Bulaimu ameketi kwenye kigoda mbele ya meza yake ya kazi, karibu na stesheni ya treni ya Kindu, mashariki mwa Kongo, na anakataa kuuza.

Mteja yuko tayari na fedha anazo mkononi. Lakini kompyuta hakuileta, na mama huyu wa miaka hamsini hamuuzii ondulere mtu aliyekuja mikono mitupu. Ondulere ni kile kisanduku chenye betri ndani, kinachoishikilia kompyuta isizimike ghafla umeme wa mji unapokwenda zake.

"Mwanangu, miye siuzii muntu, nauzia mashini," anamwambia. "Kamata pikipiki, uilete."

Mteja huyo ni Déborah, miaka ishirini na saba, mwenye chumba cha michezo mtaani Kasuku. Kompyuta yake ni moja tu, kubwa, ya mbio za magari, na vijana hulipa faranga mia tano kwa robo saa. Mwezi uliopita umeme ulikatika gari likiwa kwenye kona, na diski ikafa. Alinunua nyingine kwa akiba yake yote. Jumapili hii ana mashindano. Wachezaji wanakuja hata kutoka Kailo. Mashine ikizimika mbele yao, chumba atakifunga, kwani fedha za kununulia diski ya tatu hana.

Nusu saa baadaye amerudi, kompyuta ameipakata kama mtoto mwenye homa.

Mezani vimewekwa visanduku viwili. Kimoja kipya, cheupe, usoni kimeandikwa 1000 kwa tarakimu nene. Bei yake dola mia na arobaini. Cha pili ni cha chuma kilichochubuka, kilitoka kwenye ofisi iliyofungwa, na Mwavita amekitia betri mpya. Dola mia na ishirini. Faida yake kubwa iko kwenye kile cheupe.

Déborah ameshachagua cheupe. "Hii ingine njo muzee, mama."

"Na miye je? Mbona ukafika kwangu?"

Déborah anacheka, lakini mkono wake haujatoka kwenye kile cheupe.

Mwavita anatoa diski ya mteja, anaiweka pembeni juu ya kitambaa, na badala yake anatia yake ya majaribio, yenye mchezo mmoja wa magari. Kisha inakuja sheria ya meza hii: waya wa ukutani huchomolewa na mnunuzi mwenyewe.

Kompyuta inawaka. Kisanduku cheupe kinaonyesha kwamba kitadumu dakika arobaini. Déborah anachomoa. Kioo hakipepesi.

"Umeona, mama?"

"Nimeona imekaa. Sasa ikimbize."

Déborah anarudisha waya, anafungua mchezo, anakanyaga mwendo. Feni za kompyuta zinavuma. "Chomoa," anasema Mwavita. Mkono wa Déborah unasita.

"Naogopa."

"Ogopa hapa. Jumapili utaogopa mbele ya wantu."

Anachomoa. Kisanduku kinalia mara moja, na kila kitu kinakuwa giza.

Mwavita anakigeuza, anamwonyesha maandishi madogo ya mgongoni: wati 500. Ile elfu ya usoni si nguvu ya kazi. Kompyuta ya Déborah na kioo chake, gari likikimbia, hula zaidi ya wati 550.

"Kitendawili," anasema Mwavita.

"Tega."

"Nina mtumishi, asipotumwa ni hodari, akitumwa anakaa chini."

"Betri mubovu," anajibu Déborah, na anakisukuma kando kile cheupe.

Kitendawili hicho Mwavita alikitunga mwenyewe, na kilimgharimu. Miaka ya vita, treni ilipoacha kuja na watu wakawa wametawanyika porini, kaka yake Soudi alikuwa na redio ya mawasiliano, ile watu waliyoiita foni. Familia zilikuja kuitafuta sauti ya jamaa. Kazi ya Mwavita ilikuwa kuchaji betri.

Asubuhi moja aliipima betri kwa mita, akaona imejaa, akaiunganisha. Mama mmoja wa Pangi, Albertine, alikuwa amekaa pale siku ya nne. Ghafla ikaja sauti ya mwanawe Destin: "Mama, uko?" Albertine akabonyeza kitufe ajibu. Redio ikafa mkononi.

"Kusikiliza kunakula umeme kidogo," anaeleza Mwavita. "Kusema njo kunakula sana. Betri yangu iliweza kusikiliza, haikuweza kusema."

Walipopata betri nyingine, upande wa pili hapakuwa na mtu. Destin alidhani mama yake amekufa, akaendelea na safari. Miezi kumi na moja ilipita kabla hajarudi kwa miguu na kumkuta yu hai.

"Albertine hakunigombeza hata siku moja," anasema Mwavita taratibu. "Angenigombeza, ningepumua."

Sasa ni zamu ya kile cha chuma, chenye wati 900. Gari linakimbia, Déborah anachomoa, na gari linaendelea kukimbia. Wote wawili wanatazama saa ya ukutani. Dakika ya kumi na nne kinaanza kulia.

"Kumi na ine tu? Mbio moja ya Jumapili ni nusu saa."

"Hii si ya kuchezea, mwanangu. Ni ya kuagia. Unatunza mchezo, unawasha jenereta yako. Na friji yako ya soda isiiguse hii hata kwa bahati mbaya."

Déborah anakinunua. Jumapili, mbio za mwisho, umeme unakatika. Anasimamisha mchezo, anatoka nje, na jenereta inamgomea mara mbili. Inakubali dakika ya tisa. Magari yanaendelea pale pale yalipokuwa.

Siku njema Mwavita huingiza faranga elfu thelathini. Siku nyingine harudi na kitu. Anachokitamani sasa ni ubao wa taa kumi, zile za kizamani zenye uzi unaowaka, kwa sababu zinakula umeme kwelikweli. Watu wa Lokandu na Pangi hawawezi kubeba mashine zao hadi mezani kwake. Kwa ubao huo wataleta betri tu, na taa zitazibebesha mzigo pale pale mezani, hata zile zilizonunuliwa kwa wengine, bila malipo.

Amepata taa tatu. Saba zimebaki.

"Mwenye nayo ndani asiitupe," anasema, na anazinyanyua tatu zake kuzifuta vumbi. "Aniletee. Hata kama ni moja."