Ng'ombe Aliyetembea Mzingani

Harufu ya nta ya nyuki haina adabu. Juzi nilikuwa dukani natafuta rangi ya viatu, muuzaji akafungua kopo moja nione, basi nikasahau viatu na kilichonipeleka, nikajikuta Busunzu tena, mtoto wa miaka tisa, mikono imejaa masizi. Watu huniuliza nilisomea wapi kazi hii ya kuchora picha zikatembea. Nawajibu kwamba nimesomea mzingani, nao hucheka wakidhani natania.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitengeneza kwa magome ya miti ya porini, gome zima linabanduliwa, linakunjwa duara, kisha linashonwa kwa kamba, huku na huku wazi. Ilikuwa miaka ya sabini, tumehamia kijiji kipya ambako nyumba zilipangwa mstari na kila mtu alijua jirani kabandika nini. Baba hakuwa mtu wa maneno, na tangu Gaju aondoke hata yale machache yalipungua. Gaju alikuwa ng'ombe wetu mwekundu, pembe moja imeinamia jichoni. Alitolewa mahari kaka yangu alipooa kule Kasulu. Mahari ni mahari, hakuna aliyelalamika. Ila kila jioni Baba alitoka akasimama penye zizi tupu, halafu akarudi ndani kula.

Ndipo likaja gari la sinema. Shuka jeupe lilifungwa kwenye kiwanja cha shule, tukaonyeshwa mbu wa kuchorwa akimfukuza mtu wa kuchorwa, na mimi nikasahau hata kucheka. Katikati filamu ikakatika. Bwana wa gari akaiunga, kipande kibovu akakitupa, nami nikakidaka kabla hakijagusa vumbi. Kesho yake nikakiinua juani. Mbu, mbu, mbu, wote ni yuleyule, ila kila mmoja kashusha bawa kidogo zaidi ya mwenzake. Jamani, nilisisimka mwili mzima. Kumbe hapakuwa na uchawi wowote, palikuwa na mtu mwenye subira.

Lakini picha zangu nitazitembezaje? Jibu lilikuwa likining'inia nyumbani. Baba alikuwa na mzinga mpya uliopata nyufa mbili tatu ulipokauka, akautundika wima kwa kamba moja chini ya upenu. Mimi kwa utundu wangu nilikuwa nikiusokota kisha nikiuachia uzunguke. Siku hiyo nikachungulia kupitia nyufa wakati unazunguka. Nikichungulia kwa juu, mdomoni mwa mzinga, niliona ukungu mtupu, lakini kupitia nyufa mishono ya ndani ilionekana wazi, moja moja. Nikajua nimepata.

Ulimi hauna mfupa. Nilitangaza darasani kwamba hata mimi nitatembeza picha. Zabuloni, niliyekaa naye dawati moja, akaniita mwongo, na kabla ya kengele ya mwisho shule nzima ilikuwa ikiniita Skola Mwongo. Nami kwa kiburi changu nikawaambia waje kwetu Jumamosi. Nikarudi nyumbani miguu mizito, maana mzinga haukuwa wangu, na miti ilikuwa karibu kuchanua, wakati wa kutundika mizinga porini.

Nilimwomba Baba. Akauliza wa nini. Nikasema nataka kumtembeza Gaju humo ndani. Alichomoa kisu, akanikatia nyufa mwenyewe, nyembamba, zilizolingana, kuzunguka gome lote. Mama alifungua kinywa aseme kitu, akakifunga.

Nilipaka ndani udongo mweupe tuliopakia kuta, nje nikapaka masizi, nikamchora Gaju kwa mkaa mara nyingi kuzunguka duara, pembe yake iliyoinama nikaitilia mkazo. Mara ya kwanza nilibadilisha miguu yote minne kwa pamoja, Gaju akaruka kama panzi. Nikafuta. Nikaenda kushinda nyuma ya ng'ombe wa jirani nikiangalia kwato tu, mpaka mwenye ng'ombe akamuuliza Mama kama mtoto ni mzima. Mama akamjibu kwamba hata yeye anajiuliza hivyohivyo.

Jumamosi walikuja, tena wamejipanga kunizomea. Nikasokota kamba hadi mwisho, nikaachia. Zabuloni alitangulia kuchungulia. Halafu, wenzangu, yule kijana akazunguka mbio upande wa pili wa mzinga kuangalia ng'ombe anatokea wapi! Hapo nilijua nimeshinda. Walisukumana, walikanyagana, kila mtu anataka tundu lake, na jina la mwongo likafia pale pale upenuni. Nilisimama mikono kiunoni kama bibi harusi anayejua mahari yake ni nzuri.

Sikuwa nimefikiria kamba. Ilipomaliza kujisokotoa ikaanza kujisokota upya, mzinga ukageuka njia, na Gaju wangu akaanza kutembea kinyumenyume. Zabuloni akapata la kusema. Vicheko vikalipuka, machozi yakanilenga.

Baba alikuwa kule zizini. Alikuja, watoto wakampisha, akainama kwenye ufa. Akakaa hapo. Kisha akapiga ulimi mara mbili, ule mlio aliomwitia Gaju jioni.

"Acheni kucheka," alisema. "Anarudi nyumbani."

Akacheka yeye. Aliusokota mzinga kwa mkono wake, tena na tena, mpaka Mama akamwambia watoto wa watu wana kwao.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile niliwashinda wote, na kweli niliwashinda. Nilidhani pia kwamba Baba alinipa mzinga mbovu. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa na warina wengine, niliposikia wakisema kwamba nyufa za kukauka huzibwa kwa samadi na mzinga ukatundikwa siku hiyohiyo, ila gome lililokatwakatwa pande zote nyuki hulisusa. Baba alilijua hilo kabla hajachomoa kisu. Alitoa mzinga mzima, msimu wa maua, ili amwone ng'ombe wake akirudi.