Chui Wangu wa Uchina

Juzi niliona dukani kalenda ya Kichina yenye chui wa milia, nikanusa tena vitabu na vumbi la maktaba ya Garissa alasiri ile ya utotoni, feni ikivuma hadi mji mzima ukasinzia. Mgeni mmoja alikuwa akitueleza sisi watoto mila za Wachina.

"Kila mtoto ana mnyama wa mwaka aliozaliwa," alisema. "Wewe, binti, ni wa chui."

Kwetu kaka zangu walipozaliwa walitengewa ngamia. Mimi, msichana, sikupata hata ukwato. Nilielea kwa furaha hadi nyumbani.

"Aabo, nimepewa chui!"

"Chui?" Baba alishika kichwa. "Wallahi atamaliza mbuzi! Chukua yule mbuzi mwekundu awe wako, huyo chui abaki kwao."

Leo najua chui alikuwa jina la mwaka tu. Baba, nashuku, alijua siku ileile.